Nilimwambia binti yangu angoje kwanza mafuta ya wazee wa kanisa

Wakuu, hamjambo. Salamu kutoka Kitale. Mvua imefukuza wateja, nami nimekaa nyuma ya kaunta ya agrovet yangu na simu mkononi. Leo sitabishana na mtu.

Haya nitakayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Majina nimeyabadilisha, mengine yote yako vile yalivyokuwa, hata pale yanaponiaibisha.

Wengi humu jukwaani mnanijua. Mimi ndiye yule mzee wa nyuzi za kutoa mimba. Uzi wa mada hiyo ukifunguliwa, nilikuwa nafika mapema na mistari ya Biblia, na nimewaita watu wauaji bila kujua hata majina yao.

Kuna dada aliwahi kuniuliza humu humu, "Mzee, na mimba ikitunga nje ya kizazi je?" Nikamjibu kwamba hizo ni hadithi za watu wa NGO. Nikaongeza kwamba Mungu hakosei mahali pa kupanda mbegu. Nilipata likes nyingi sana siku hiyo.

Dada, kama bado uko humu, uzi huu ni wako kwanza.

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma. Nilimaliza Form Four, nikafanya kazi stoo ya kiwanda cha karatasi pale Webuye mpaka kazi ikaisha, ndipo nikahamia Kitale kuuza mbegu na dawa za mifugo. Naishi Matisi. Nimepita miaka sabini. Kwa muda mrefu nilikuwa mzee wa kanisa, kanisa dogo la mabati ambalo tulilijenga kwa mikono yetu.

Kanisa letu lina desturi mbili, na bila kuzijua hamtanielewa.

Ya kwanza ni mafuta. Muumini haingii theatre kupasuliwa kabla wazee hawajamwekea mikono na kumpaka mafuta. Haijaandikwa popote, lakini ukikatwa bila mafuta watu watauliza.

Ya pili ni benchi la nyuma. Mtu akikosea "anawekwa nyuma". Anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, hashiriki Meza ya Bwana, haimbi kwaya, mpaka siku atakayosimama mbele ya watu wote na kutubu. Wanaowekwa ni walevi, walioongeza mke, wasichana waliopata mimba nyumbani. Na wanaoshukiwa kutoa mimba.

Kesi za hao wa mwisho nilizisikiliza mimi. Wazee wenzangu waliona haya kumuuliza mwanamke mambo kama hayo. Mimi sikuona haya kwa watoto wa watu.

Sasa binti yangu.

Nimwite Nekesa. Ni mwalimu wa primary mjini Bungoma, ameolewa na kijana fundi wa stima, Wafula. Siku hiyo Wafula alikuwa kazini huko Lodwar, simu haimpati. Mke wangu alikuwa ameenda Suam kununua maharagwe kwa wale wafanyabiashara wa kutoka Uganda, naye pia hapatikani. Nikabaki mimi.

Akanipigia asubuhi nikifungua duka.

"Papa, uko?"

"Niko. Kuna nini?"

"Niko hospitali. Ni mambo ya tumbo."

Wakuu, kwetu baba haulizi binti yake mambo ya tumbo. Hayo ni ya mama, shangazi na nyanya. Baba akiuliza, wote wawili wanatazama chini. Kwa hiyo sikuuliza ni tumbo gani, linauma wapi, tangu lini. Nikamwacha aseme mwenyewe.

"Nilikuwa na mimba changa, hatujawaambia bado. Wamenipiga scan. Daktari anasema haiko mahali pake, anataka kuitoa leo leo."

Ile ya mahali pake nikairuka kwa haya. Ile ya kuitoa nikaijibu kwa sauti mpaka mteja akageuka.

"Hayo ya mahali pake utaongea na mama yako. Lakini kutoa, hapana. Hakuna mtu wa nyumba hii atatoa mimba."

"Papa, anasema nikikaa nayo inaweza kupasuka."

"Daktari si Mungu. Nakuja na pastor, upakwe mafuta, tuombe, halafu tuone. Usikubali kitu mpaka nifike. Umesikia?"



"Nimesikia, Papa."

Nekesa ni mtu mzima, ana mume na darasa la watoto wanaomwogopa. Hospitali haikuhitaji ruhusa yangu, na nilikuja kuambiwa kwamba daktari alimweleza hivyo zaidi ya mara moja. Yeye akasema anamngoja baba yake. Kutii hivyo hakuzaliwa nako. Nilimfundisha mimi, na nilijivunia.

Pastor wetu alikuwa semina Webuye. Nikaona ni sawa tu, Webuye iko njiani. Nikaweka chupa ya mafuta kwenye pickup, nikashika barabara. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia daktari. Maneno mazuri kweli. Sikumwombea Nekesa hata kidogo, nilikuwa napanga hotuba.

Webuye nikamkuta pastor ndiye anafundisha kipindi hicho. Sikutaka kumkatiza mtumishi wa Mungu. Nikazima mlio wa simu kwa heshima, nikakaa nyuma, nikangoja amalize. Alipomaliza, kina mama walikuwa wamepakua. Wakatushika mkono, "Wazee hamuwezi kuondoka bila kula."

Nikala.

Ugali na kuku. Mpaka leo nikikumbuka siku ile, kitu cha kwanza kinachonijia ni ile sahani. Hata niliongezwa supu.

Tukiwa garini pastor akaniuliza, "Mzee, daktari alisema mimba iko wapi hasa?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

"Ni binti yangu, pastor."

Akaelewa, maana naye ni Mbukusu. Tukaendelea mpaka Bungoma.

Wodini kitanda chake kilikuwa kitupu. Shuka imevutwa upande mmoja na ndala zake ziko chini, moja imepinduka. Nesi mmoja alikuwa anakusanya vitu. Akatutazama, akatazama chupa mkononi mwangu.

"Nyinyi ndio mlikuwa mnangojwa?"

Nikasema ndiyo.

"Imepasuka. Wamemkimbiza theatre. Tumepiga simu yako mpaka tukachoka, mzee."

Nikatoa simu mfukoni. Ilikuwa imejaa missed calls.

Sitawachosha na ule muda wa kungoja. Pastor aliomba, mimi sikuweza. Nilishika ile chupa mpaka mafuta yakapata joto la mkono wangu.

Nekesa aliishi. Aliongezewa damu ya watu ambao sijui ni wa dini gani, na mrija mmoja wa uzazi ukatolewa. Daktari alitoka akiwa amelowa jasho, kijana wa umri wa mjukuu wangu. Ile hotuba yangu yote ilikuwa imeyeyuka. Nikamuuliza swali moja tu: tungefika mapema, mtoto angeokolewa?

"Mzee, mimba ikitunga kwenye mrija haina njia ya kuishi. Hakuna hospitali inayoweza kuihamisha. Pale ndani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuokoa, naye ni binti yako."

"Kwa hiyo hii si kutoa mimba?"

Akavua kofia yake ya theatre, akanitazama vizuri.

"Mzee, ita unavyotaka. Mimi narudi kazini."

Samahani wakuu, nilikuwa nahudumia mama wa dawa ya kupe. Tuendelee.

Mtadhani hapo ndipo nilijifunza. Hapana, baya zaidi lilikuwa bado.

Nekesa alipotoka hospitali alikuja kwetu Matisi, mama yake amtunze. Maneno yalikuwa yamefika kanisani kabla yake: binti ya mzee ametoa mimba, tena bila mafuta. Wazee wakakutana. Pastor alieleza alichokiona, lakini pastor wetu ni mgeni na wazee ndio wenye kanisa. Mmoja akasema, "Si mzee mwenyewe aseme. Yeye ndiye hutuamulia hizi kesi."

Wote wakanigeukia.

Nilikuwa na maneno ya daktari kichwani, mazima kabisa. Ningeyasema, mambo yangeisha pale pale. Lakini niliwakumbuka mabinti wa watu niliowaweka nyuma, na baba zao walikuwa wananitazama. Nikaogopa kuambiwa napendelea wangu.

Nikasema, "Akae nyuma kwanza, mpaka mambo yaeleweke."

Wakasifu. Mzee hana upendeleo. Wakuu, nilienda nyumbani nikijiona kama Abrahamu, na hakuna mtu aliyekuwa ameniomba nimfunge mtoto kamba.

Nyumbani sikusema kitu. Niliona litajulikana lenyewe.

Jumapili Nekesa akavaa vizuri, akatembea polepole na mkono tumboni kwenye mshono. Alikuwa anakuja kutoa shukrani kwamba yuko hai. Mlangoni shemasi akamshika kiwiko, akamwonyesha benchi la mwisho. Nekesa akadhani ni kwa sababu ya mshono, kwamba wanamwekea mahali pa karibu. Akamshukuru!

Halafu akaona ni nani wengine wamekaa pale. Akainua macho, akanitafuta mbele kwenye viti vya wazee.

Mimi nikafungua kitabu cha nyimbo.

Mke wangu alikuwa benchi la mbele la kina mama, na kitambaa chao cheupe kichwani. Yeye ni kiongozi wao. Akageuka kuona binti yake amekaa wapi, halafu akanigeukia mimi. Akasimama katikati ya wimbo, akafungua kile kitambaa, akakikunja, akakiacha juu ya benchi. Akatembea kanisa lote mpaka nyuma, akakaa karibu na Nekesa, akamwekea leso magotini.

Wimbo ulikufa katikati. Hata mpiga ngoma aliacha.

Jioni nilimkuta zizini akikamua ng'ombe. Nikaanza kueleza habari za upendeleo, na kwamba kiongozi lazima aanze na nyumba yake. Hakugeuka. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo.

"Baba Nekesa, huyu ng'ombe alikwama na ndama msimu wa kupanda. Si unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulimwita nani?"

Nikatazama kwato za ng'ombe.

"Si ulimwita daktari wa ng'ombe, kwa simu, hata viatu hujavaa? Ulimpaka mafuta huyu? Ulimwambia angoje semina iishe? Na ndama akatolewa vipande vipande, ukashukuru Mungu kwamba mama amebaki. Mtoto wangu amekwama, ukaenda kula kuku Webuye."

Akabeba ndoo, akanipita.

Kesho yake Nekesa alirudi Bungoma. Aliniaga kwa adabu zote, "Kwaheri, Papa, ubaki salama." Tangu siku hiyo alipiga simu ya mama yake tu. Akiskia sauti yangu kwa nyuma, anasema ana kazi za kusahihisha.

Miezi ikaenda hivyo.

Jirani yangu wa duka anaitwa Mzee Abdalla, anauza spea za baiskeli, Mwislamu wa hapa mjini. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza yote. Alicheka kwanza, ndivyo alivyo.

"Kwa hiyo Mungu naye alikuwa angoje Webuye mpaka mmalize supu?"

Nikacheka pia, halafu nikashindwa kuendelea. Akasogeza kiti.

"Skiza, bana. Hata sisi kutoa mimba hivi hivi ni haramu. Lakini sheikh wetu hufundisha kwamba mama ni shina na mtoto ni tawi. Shina likianguka, tawi litashika nini? Na usidhani ni nyinyi tu. Msikitini wazee kama wewe wamejaa. Tunajua hukumu kabla hatujaskia kesi."

Nikaamua kutubu. Mbele, kama nilivyowalazimisha wengine.

Hapo nikapata ajabu nyingine. Wazee walinikatalia. Mwenyekiti akasema, "Utatubu nini, Mzee? Hujalewa, hujazini. Ulifanya bidii tu ya imani." Kumbe kumchelewesha mtu mpaka karibu afe hakuna benchi lake. Katika miaka yote ile sikuwahi kuona kwamba orodha yetu ya dhambi ilikuwa na shimo kubwa hivyo, na mimi nimekaa ndani yake.

Nilisimama tu. Siku ya Meza ya Bwana nilienda mbele bila kuitwa, nikasema nilichofanya, pamoja na ugali. Nikasema binti yangu hakutoa mimba, na hata angekuwa ameitoa, mimi sikuwa na haki ya kumhukumu bila kumuuliza swali moja. Nikaacha uzee wa kanisa. Nikatembea mpaka benchi la nyuma, mke wangu akasonga kidogo. Hakuniambia kitu, lakini alisonga.

Bado nakaa huko. Kuna baridi ya mlango, lakini unaona watu vizuri.

Kuna kitu kingine kinanisumbua kuliko hiki cha Nekesa. Kuna msichana mmoja nilimweka nyuma miaka iliyopita. Nilimuuliza, "Ulitoa au hukutoa?" Akalia tu. Nikachukua machozi kuwa jibu. Alikaa nyuma Jumapili chache, kisha hakuja tena. Sasa najiuliza alikuwa analilia nini. Labda alitoa kweli. Labda naye ilikuwa mahali si pake. Labda kuna mtu alimlazimisha. Nimemtafuta, wengine wanasema yuko upande wa Uganda. Sijampata.

Najua mtaniuliza: mzee, sasa unaamini nini?

Sitaki kuwadanganya ili mnipende. Bado naamini uhai ni wa Mungu na unaanza tumboni. Wanaotarajia niseme nimehama upande, sijahama. Wanaotarajia nirudi na mistari ile ile niliyowapiga nayo, hiyo pia sina tena. Mistari iko, mkono wa kupigia watu ndio umekufa ganzi.

Nilichojifunza ni kidogo na kilinigharimu. Uliza kwanza. Uliza hata kama ni binti yako, hata kama mila inasema utazame chini. Imani yangu ilikuwa na majibu mengi kwa maswali ambayo niliona haya kuyauliza. Na daktari akisema leo leo, mafuta yanaweza kupakwa kwenye mshono baadaye. Mungu hatakasirika.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika leo.

Jana jioni simu ya mke wangu iliita akiwa anakanda unga, mikono imejaa. Akabonyeza loudspeaker kwa kiwiko, sauti ya Nekesa ikatoka.

"Mayi, niko na mimba. Asubuhi ya kesho kutwa naenda scan. Wamesema kwa sababu ya ile ya kwanza, lazima waangalie mapema iko wapi."

Nikakohoa. Sikukusudia.

Nilijua sasa atasema ana kazi za kusahihisha.

"Papa, uko hapo?"

"Niko."

"Sikuulizi kitu. Nakuambia tu. Daktari akisema nikatwe, nitakatwa."

"Sawa, mama." Halafu nikajilazimisha. Nikamuuliza jambo ambalo sijawahi kumuuliza tangu azaliwe. "Tumbo linauma? Upande gani?"

Mke wangu aliacha kukanda.

"Haliumi, Papa," akasema pole pole. "Sio kama ile siku."

"Naweza kuja?"



"Kuja. Lakini kuja peke yako, na usisimame Webuye."

Ndiyo hayo, wakuu. Mwenye kunilaumu anilaumu, nimeyataka mwenyewe. Wenye mabinti, niambieni mnaongea nao vipi mambo haya, maana mimi naanza shule uzeeni. Na aliyewahi kuwekwa nyuma kanisani kwake kwa jambo ambalo hakuna mtu aliyemuuliza, aandike hapa chini. Nitasoma kila neno na sitajibu kwa mstari.

Nafunga duka mapema nikaweke mafuta kwenye pickup. Nitaweka ya kutosha kufika Bungoma moja kwa moja.